Wakili wa Alama Moja

Kama alama zingekuwa matunda, yule binti angekuwa keshauacha mti uchi. Chuoni walimwita Wakili. Si kwamba alisomea sheria, la, alisomea uchumi, ila hakuna karatasi aliyorudishiwa asiikatie rufaa. Hata akipewa tisini na nane, alitaka kujua hizo mbili zimeliwa na nani.

Msimlaumu mno. Kwao, baba hakuwa na salamu nyingine. Mtoto akirudi shule, mguu haujavuka kizingiti, anaulizwa, "Ngapi?" Ikiwa nzuri anasogezewa kiti, ikiwa mbaya, kiti anasogezewa mdogo wake. Ukimlea mtoto hivyo, ukubwani atagombea alama kama kuku na punje.

Mwaka wa mwisho, somo la mwisho, akapata sitini na tisa. Sabini ingempa daraja la kwanza, na wa daraja la kwanza ndiye anayebakizwa chuoni kufundisha. Baba alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ni mwalimu wa chuo kikuu. Alama moja tu!

Akapanda ngazi mpaka kwa mwalimu wa somo, mama wa makamo aliyekuwa karibu kustaafu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya alama yangu."

"Marahaba. Usingekuja ningedhani unaumwa. Iache ilivyo, mwanangu."

"Siwezi. Kuna alama yangu umeikalia."

"Ukikata rufaa, karatasi inakwenda kwa mwingine, anaisahihisha yote upya. Atakachotoa ndicho hicho, kipande au kishuke. Nakuomba, iache."

Wakili akatabasamu. Mtu akikusihi usichimbe, si kafukia kitu? Akapaza sauti ili wenzake waliopanga foleni mlangoni wafaidi: "Mwalimu, uzee si aibu. Macho yakichoka, mtu hupumzika."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake, hakuna aliyejua anafuta miwani au anafuta jingine. Kisha akamsogezea karatasi ya rufaa.

"Haya. Tia saini."

Majibu yalipotoka, sitini na tisa imekuwa sitini na moja.

Wakili akakimbilia dirisha la mitihani. Karani alikuwa anatafuna karanga, hana haraka wala huruma.

"Mtihani ulisema jibu maswali matatu. Wewe umejibu manne."

"Muda ulibaki! Na yote nilikuwa nayajua!"

"Hongera. Ila kanuni ni kwamba yakizidi, yanahesabiwa matatu ya mwanzo, la nne halisomwi. Sasa mwalimu wako alifanya nini? Alisoma yote manne, akakuchagulia matatu mazuri, lile bovu la kwanza akalifumbia macho. Alikubeba mgongoni, dada, nawe ukamng'ata shingo."

"Nikate rufaa tena?"

"Rufaa ni moja kwa kila karatasi. Umeshaila."

Simu ikaita. Baba.

"Ngapi?"

Akasema.

"Hiyo ni yako au ya mwenzio?"

"Yangu, baba."

"Subiri nimpe mdogo wako simu. Labda wewe na yeye mtaelewana sasa."

Wakili akakata kabla mdogo wake hajasema hata haloo. Akasimama pale ukutani. Binti wa mwaka wa kwanza, karatasi yake kaikumbatia kama kifaranga, akamsogelea kwa adabu zote.

"Samahani, dada Wakili. Mwalimu kaniambia nisikate rufaa, eti niridhike. Wewe unayajua haya mambo. Nifanyeje?"

Wakili akamtazama. Ulimi ulikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi.

Akamtengeneza ukosi wa shati, kama dada hasa.

"Wanaogopa wanaojua haki zao, mdogo wangu. Dirisha ndilo lile. Kaza moyo."

Akamsindikiza kwa macho mpaka alipotia saini.