Chuma cha Katikati

Mji ulipochoka kuwatazama watu waliolala kando ya mto, uliwatuma mgambo wakang'oa mahema asubuhi moja kabla ya chai. Watu hawakuyeyuka. Waliokota walichoweza kuokota, wakahamia kwenye bustani ya katikati ya mji, palipokuwa na mabenchi marefu ya chuma yaliyowekwa enzi za meya aliyependa maua. Mji ukakaa kikao kingine. Safari hii haukutafuta mgambo. Ulitafuta fundi wa kuchomelea.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila benchi liongezwe kipande cha chuma katikati, kisimame kama mkono wa kiti. Bango la getini lilisema ni kwa ajili ya wazee, wapate pa kuegemeza mkono. Yeyote aliyewahi kujinyoosha juu ya benchi alielewa ni kwa ajili ya nini. Fundi naye alielewa, lakini kwa mtu mwenye watoto kazi ni kazi.

Asichokijua ni kwamba kwenye benchi la mwisho, karibu na bomba la maji, angemkuta mjomba wake amekalia godoro lililokunjwa, anakunywa chai kwenye kopo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitengenezea kitanda?"

Mzee alicheka peke yake.

Mjomba huyu, kaka wa mama yake, ndiye aliyemfundisha ufundi. Alikuwa na karakana yake mpaka mji ulipopanua barabara, barabara ikapita juu ya karakana. Baada ya hapo alihamia kwa fundi, kwenye vyumba viwili vyenye mke, watoto na mama mkwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakampa jembe: akakaza bawaba za milango, akaunda kitanda cha watoto, akanyoosha nondo za madirisha. Vilipokwisha vya kutengeneza, akabaki mtu mzima anayekoroma sebuleni na kukosoa vitasa. Hakuna aliyemfukuza. Mke wa fundi alianza tu kuosha sufuria kwa kelele, au ndivyo fundi alivyozisikia. Mzee, ambaye si mtoto, akaaga kwamba kuna rafiki amempatia chumba. Fundi hakuuliza rafiki gani wala chumba wapi. Alishusha pumzi, kisha akaona haya kwa kuishusha.

Sasa amemkuta. Akarudi upande wa pili wa bustani, akaanza kazi huku akiwaza, na mawazo yakamletea ujanja. Badala ya mshono mzima, kila chuma akakigusisha moto mara mbili tu, kila upande nukta moja, akapaka rangi juu. Ukikitazama, kimesimama kama askari. Ukikipiga teke la mtu mwenye usingizi, kinang'oka. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyojiona mtu mwema, hata akaanza kupiga mluzi.

Alasiri akafika kwenye benchi la mjomba. Akapiga nukta zake mbili, akamwinamia mzee sikioni.

"Usiwe na wasi, Mjomba. Msimamizi akishapita, kisukume tu. Kitatoka."

Mzee akapiga magoti, akakisukuma kwa kiganja. Chuma kikatoa mlio mdogo, kikabaki mkononi mwake.

"Kazi hii kakufundisha nani?"

"Nimefanya makusudi, ili mpate pa kulala."

"Najua umefanya makusudi. Mimi nimekosa nyumba, sikukosa akili." Akakigeuzageuza kile chuma. "Umenilegezea chuma, mwanangu, ili usinifungulie mlango."

Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile aliyozoea kumwambia kwamba mshono umepinda. Ndiyo maana iliuma.

"Lete miwani ya kuchomelea."

Mzee akaivaa, akawasha moto. Akachomelea pande zote bila haraka, akagongagonga maganda kwa nyundo, mshono ukabaki umelala sawasawa, hauna tundu wala kovu. Akakitikisa chuma kwa mikono miwili. Hakikuyumba. Benchi lake mwenyewe likawa limegawanyika, na hakuna tena wa kulala juu yake.

"Twende nyumbani, Mjomba," fundi alisema, na safari hii alimaanisha.

"Mkeo anajua?"

"Nampigia sasa hivi."

Akasogea pembeni na simu, akipaza sauti juu ya ngurumo za jenereta yake ya kuchomelea. Mkewe alisikiliza, akauliza swali moja: atakaa siku ngapi? Fundi akaingiwa na woga wa zile sufuria.

Mzee, kwa hisani yake, akaizima jenereta ili wasikilizane.

"Mbili tatu tu, mama watoto!" sauti ya fundi ikasikika bustani nzima. "Mpaka tumtafutie pa kumpeleka!"

Alipogeuka, miwani ilikuwa imewekwa vizuri juu ya benchi, na godoro halikuwepo. Akakimbia hadi getini. Barabara ilijaa watu waliotoka makazini, kila mmoja na mzigo wake, na katika mizigo yote ile hakuliona godoro.

Nyumbani alikuta mkewe ametandika sebuleni na kuwahamishia watoto kwenye chumba cha bibi yao.

"Mjomba yuko wapi?"

"Si uliuliza siku ngapi?"

"Niliuliza nijue nipike unga kiasi gani," mkewe alisema, kisha akamtazama usoni, akaanza kukunja shuka.

Asubuhi msimamizi, waliyemwita Upesi kwa neno lake la kila siku, alipita akipiga kila benchi teke. Vyuma vikaanguka kimoja baada ya kingine, naye akatukana kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kwenye bomba la maji. Akapiga teke, akashika mguu.

"Hiki kachomelea nani?"

"Mjomba wangu."

"Mwite amalizie na vingine."

"Sijui aliko."

"Basi chomelea vyote kama hiki. Upesi!"

Fundi akavaa miwani. Akachomelea vyote kama kile, kwa maana alifundishwa vizuri.