Vlaho Azunguka Kisiwa Bila Kutoa Amri

Kwa miaka arobaini Vlaho alikuwa nahodha wa Lucija, mashua yake ya mbao yenye mlingoti mmoja, injini ndogo na vitanda viwili vya chini. Katika miaka yote hiyo mkewe Frana hakushika usukani ila pale mumewe alipokwenda haja. Hata hapo aliagizwa: "Shika hivyo hivyo, usiguse kitu."

Mwanzo wa majira ya kuchipua Vlaho aligonga boya la mitego ya Lovro, jirani yake. Boya lilikuwa la rangi ya chungwa na kubwa kama boga, na bahari siku hiyo ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Alikuwa akilitazama moja kwa moja. Daktari wa macho kule Dubrovnik alimweleza kwamba katikati ya macho yake pameanza kufa, na kwamba kilichobaki ni pembeni. Ataona ukuta lakini hataona msumari. Ataiona pwani nzima, ila jiwe lililo mbele yake halitaonekana.

"Na kuendesha chombo?" Vlaho aliuliza.

"Mzee, kuendesha kumekwisha."

Habari kwenye kisiwa chao cha Lastovo haihitaji upepo. Jumapili iliyofuata alifika Niko, mtoto wa dada yake Vlaho, akiwa na keki ya matunda ya karobu iliyofunikwa kitambaa. Niko hupangisha vyumba kwa watalii. Alikula kipande kimoja cha keki yake mwenyewe, akasafisha koo, akasema, "Mjomba, Lucija isiozee kwenye gati. Niuzie mimi. Nitaiwekea turubai la kivuli na mabenchi ya kutosha, niwe ninawapeleka wageni ufukweni Saplun."

"Mabenchi," Vlaho alisema.

"Mawili kila upande. Na mlingoti nitautoa, unakula nafasi."

Vlaho alikisukuma kisahani cha keki pembeni. Usiku ule aligeuka kitandani kama samaki kwenye sitaha. Asubuhi Frana alimwekea kahawa mbele yake, na kando ya kikombe akaweka kadi ndogo ya plastiki yenye picha yake. Kwa kuwa Vlaho hakuweza kuisoma, alimsomea: ilikuwa leseni ya kuendesha vyombo vidogo vya baharini, yenye mhuri wa serikali.

"Uliipata lini?"

"Majira ya baridi."

"Majira ya baridi ulikuwa unakwenda Dubrovnik kwa ajili ya meno!"

"Meno yangu hayana neno," alisema Frana. "Boya la Lovro halikuwa la kwanza, Vlaho. Lilikuwa la kwanza lenye mwenyewe. Sasa sikiliza. Usukani nitaushika, mashua ibaki yetu. Lakini siwezi kuendesha na wewe unanipigia kelele sikioni. Manahodha wawili, chombo huenda mrama. Kwa hiyo tutakizunguka kisiwa, tulale kwenye ghuba nitakazochagua mimi, na wewe utakuwa abiria. Ukinipa amri hata moja kabla hatujafunga kamba hapa nyumbani, nampigia Niko simu alete mabenchi yake."

"Amri ni nini hasa?"

"Unajua vizuri. Kushoto, kulia, legeza, vuta, Mama wa Mungu unafanya nini. Zote hizo."

"Na kuguna?"

"Kwako wewe kuguna ni amri."

"Je, nikiona hatari?"

"Utaiona kwa macho gani?"

Maneno yalimchoma, lakini yalimchekesha pia, na kicheko ndicho kilichotangulia kutoka. Wakapeana mikono juu ya meza kama wafanyabiashara wa mbuzi.

Waliondoka Zaklopatica, bandari ya kijiji chao, asubuhi, kabla wanaume hawajakaa kwenye ukuta wa gati, wakaelekea magharibi wakiwa na kisiwa mkono wa kushoto. Upepo ulikuwa mdogo. Vlaho alikaa penye kivuli cha tanga akiwa hana kazi, na aligundua kwamba mikono isiyo na kazi ni mizito kuliko nanga. Alijua kwa sikio kila kosa la Frana. Tanga lilipopigapiga kwa kulegea alijua kwamba kamba inataka kuvutwa kidogo, na alihesabu mawimbi mpaka mkewe naye alipotambua. Wakati mwingine mawimbi yalikuwa mengi.

Jioni Frana aliingia kwenye ghuba nyembamba yenye misonobari inayoinamia maji. Katika ghuba kama ile nanga hutupwa mbele, mashua hurudi kinyumenyume, kisha kamba ya tezi, nyuma ya chombo, hufungwa kwenye mti. Aliitupa nanga mapema mno na kamba akaitoa fupi. Mashua ilirudi nyuma, nanga ikiburutwa bila kushika kitu, na miamba ikakaribia. Vlaho aliisikia harufu ya mawe yaliyopigwa na jua siku nzima, jinsi yalivyokuwa karibu. Aliufungua mdomo, akachukua kipande cha mkate kikavu kilichokuwa kwenye kikapu, akakitia chote.

Frana alisonga mbele, akaivuta nanga huku akihema, akarudia upya. Mara ya pili ilishika. Aliogelea ufukweni na ncha ya kamba, akaifunga kwenye msonobari, akarudi maji yakimchuruzika.

"Umeonaje?" aliuliza.

Vlaho alikuwa bado anatafuna. "Mkate ni mkavu," alisema.

Walikula sardini wa chumvi na nyanya, wakalala vizuri.

Kesho yake, walipokuwa wamezunguka ncha ya magharibi na kuufuata upande wa kusini wenye majabali, hewa ilibadilika. Ngozi ilinata. Bahari ilianza kuinuka polepole bila upepo wowote, kama kifua cha mtu aliyelala, na kilele cha mlima wa Hum kilivaa kofia ya wingu. Vlaho hakuhitaji macho. Ilikuwa jugo, upepo wa kusini-mashariki, ule unaokuja taratibu na mvua yake na kukaa siku kadhaa kama mgeni asiyeona aibu. Frana naye alikuwa amenusa. Alikunja nusu ya tanga na kuelekeza omo, pua ya mashua, kwenye mnara wa taa wa Struga, maana karibu na mnara ule ndipo ulipo mlango wa Skrivena Luka, ghuba ambayo huioni mpaka uwe umeshaingia.

Vlaho alitulia. Skrivena Luka aliijua. Kila jugo lilipomkuta upande huu alikwenda hadi ndani kabisa, mbele ya mgahawa, akatupa nanga pamoja na wenzake. Ndivyo alivyofanya baba yake.

Mara akahisi jua likihama shavuni. Frana alikuwa amegeuza. Hakuwa akienda ndani. Alikuwa akielekea kwenye kona ndogo chini ya mnara, mahali ambapo hakuna mtu anayelala.

Vlaho alipajua. Kona ile imejaa mwani. Nanga hupita juu ya mwani kama reki juu ya zulia, na yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, aliwahi kuburuzwa pale mpaka akakaribia kupoteza usukani. Jugo likishuka kwenye kilima litawatupa kwenye mawe ya upande wa pili. Maneno yalimjaa mdomoni, tena yalikuwa maneno mazuri, yenye ukweli na sababu. Mkate ulikuwa umekwisha. Alifikiria mabenchi mawili kila upande, na shimo lililozibwa ubao pale mlingoti uliposimama. Alikalia viganja vyake viwili na kuuma meno.

Frana alisimama wima. Hakutazama maji, alitazama juu, kwenye mnara. Alisogea mbele kidogo, akarudi kidogo, kana kwamba anatundika picha ukutani. Kisha nanga ikaenda. Alitoa kamba ndefu, akapiga rivasi polepole. Kamba ilikaza, omo ikainama kama mtu anayeitikia salamu, na Lucija ikasimama pale pale.

Kabla jua halijazama upepo ulikuwa ukipiga mluzi kwenye kamba za mlingoti. Kutoka ndani ya ghuba zilikuja kelele za watalii waliokodi mashua kubwa nyeupe: minyororo ikipishana, mtu akilaani kwa Kijerumani, mwanamke akilia kwa kicheko. Vlaho alisikiliza yote. Lucija ilikuwa ikiyumba kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kusogea. Chini Frana alikuwa anapika supu ya samaki na kitunguu.

"Swali ni amri?" Vlaho aliuliza.

"Swali ruksa."

"Hapa pana mwani."

"Hilo si swali."

"Hapa hapana mwani?"

Frana alipanda na bakuli mbili. "Pana mwani kote, ila si hapa chini yetu. Pana mchanga mweupe, kama shuka lililotandikwa. Nilikuwa naliona kutoka juu kila nilipoanika nguo."

Vlaho alisahau kula. Bila shaka alijua kwamba baba mkwe wake alikuwa mtunza taa wa Struga. Alimposa Frana kwenye ngazi za mnara ule ule. Lakini yeye siku zote aliitazama ghuba akiwa majini, na hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu aliyekua akiitazama kutoka juu, mchana kwa mchana, jugo kwa jugo.

"Baba alikuwa akishindana na mama," Frana aliendelea, "mashua ipi italala na ipi itatembea. Za mbele ya mgahawa zilitembea sana. Tope pale ni laini. Unaweka mlango wa tangi la maji la mnara sambamba na mti wa tini, halafu unatupa nanga. Mtini ulikatwa, lakini kisiki kipo."

"Miaka arobaini! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa, hapo hapo mlangoni mwa ghuba."

"Mimi nikasemaje?"

"Ulisema, shika hivyo hivyo, usiguse kitu."

Vlaho aliinamia bakuli lake. Alikumbuka majugo mangapi waliyokesha kule mbele ya mgahawa, yeye akiwa ameshika mnyororo kusikiliza kama nanga inatembea, na Frana amejifunika blanketi, uso wake umeelekea huku gizani. Siku zote alidhani anautazama mnara kwa sababu ya kumkumbuka babake.

"Supu nzuri," alisema mwishowe.

"Ina chumvi nyingi," alisema Frana. "Lakini asante."

Jugo halina haraka. Liliwaweka pale siku mbili. Walicheza karata, Frana akamsomea majina ya mashua zilizokuwa zikihamahama kule ndani. Mvua ikaja na kwenda, bahari ikashuka, wakatoka. Walipita mashariki kati ya visiwa vidogo, wakaoga Saplun, na alasiri wakawa wanaukaribia mlango wa Zaklopatica wakiwa na upepo mwepesi wa kaskazini.

Sasa, yeyote aliyefunga chombo Zaklopatica anajua kwamba kazi hiyo haifanywi na nahodha. Hufanywa na ukuta. Baada ya mvua wanaume wote hutoka kukausha mifupa kwenye ukuta wa gati, na kila chombo kinachoingia hupokewa kwa maagizo. Siku ile ukuta ulikuwa umejaa, Niko alikuwamo, na habari ya sharti la Frana ilikuwa imeshawafikia wote.

Nafasi ya Lucija ilikuwa kati ya mashua ya Lovro na ile ya Kuzma, zimamoto mstaafu, na iliingiwa kwa tezi. Frana aligeuza, akaanza kurudi nyuma. Alianza vizuri.

"Frana, ongeza moto!" alipaza sauti Kuzma.

"Punguza, mama, punguza!" alisema Lovro. "Rangi yangu mpya hiyo!"

"Kushoto!"

"Kushoto gani, ya kwake au ya kwako?"

"Vlaho! Umelala? Mwambie mkeo!"

"Hawezi, ameweka dau! Akisema tu, mashua ya Niko!"

Vicheko vikapanda. Upepo ukapita mlangoni na kusukuma omo pembeni. Frana aliongeza moto, akapunguza, akatazama ukutani. Vlaho hakuweza kuuona uso wake, kwa kuwa alikuwa akiutazama. Lakini pembeni mwa jicho, chini kabisa, aliuona mkono wake juu ya kishikio cha injini. Mkono huo haukusita chini ya mnara, na jugo linakuja. Sasa ulikuwa ukikiachia na kukishika tena.

Alisimama.

"Nyamazeni!" Sauti ile walikuwa hawajaisikia tangu alipoligonga boya. Iligonga kilima ikarudi. "Nyamazeni nyote! Nahodha yuko kazini!"

Ukuta ulinyamaza. Hata Lovro alifunga mdomo. Frana alivuta pumzi, akaacha omo iende ilikotaka, akaisubiri, kisha akaleta tezi gatini taratibu. Tairi la ubavuni lilibusu rangi mpya ya Lovro, likaacha alama ndogo nyeusi. Niko alidaka kamba, akaifunga.

Ndipo Kuzma alipokohoa. "Lakini ile ilikuwa amri."

"Amri kabisa," alisema Lovro, akiikagua alama. "Tumesikia wote. Na kamba ilikuwa haijafungwa."

Niko alikuna shingo. Alitazama mlingoti, akamtazama mjomba wake.

Vlaho aligeuza uso upande wa usukani. Alikuwa bado amesimama, mikono imeshuka, akimngoja mkewe. Frana alizima injini, akakunja kamba yote bila haraka. Kisha akauelekea ukuta.

"Aliwaamuru nani?"

"Sisi," alisema Kuzma.

"Mlitii?"

Lovro aliirudia alama yake, akaifuta kwa kidole.

"Sharti langu lilikuwa asiniamuru mimi. Kuwaamuru ninyi mbona ni ruksa, ningekuwa na sauti ningewaamuru mwenyewe." Akamgeukia mpwa. "Niko, mwanangu, keki ilikuwa tamu. Mashua haiuzwi."

"Sawa, mama," alisema Niko, na alionekana kama mtu aliyeteremshwa mzigo.

"Vlaho," alisema Frana, "tanga limelowa. Likunje vizuri, halafu twende nyumbani."

Vlaho alipanda kwenye sitaha. Kwa kazi ile mikono yake haikuhitaji macho. Alipolishika tanga na kuanza kulilaza, ukuta ulipata uhai tena.

"Anza nyuma, Vlaho, nyuma!"

"Wapi! Mbele kwanza! Utalivunja kiuno!"

Vlaho aliendelea kukunja, akitabasamu.