Kofi Lisilokuwemo

Mhariri wa filamu alirudisha nyuma ile sehemu, akabana hedifoni masikioni, akasikiliza tena. Paa! Kofi. Kwenye filamu makofi huwa ya uongo: mkono unapita hewani, mwigizaji anageuza uso, na sauti ya kofi anaiweka yeye mwenyewe baadaye, humu humu chumbani, kwa kupiga viganja. Hili lilikuja na sauti yake. Na aliyepigwa, badala ya kutamka maneno aliyoandikiwa, alilia, "Dada!"

Mke wa kwenye hadithi hana dada. Mwenye dada ni mwigizaji, na dada mwenyewe ndiye huyu aliyekaa mbele ya skrini.

"Umeiona hofu ile?" Dairekta alisimama nyuma yake, anachekelea hadi magego yanaonekana. "Nilimnong'oneza anayeigiza mume ampige kweli, mdogo wako asijue. Watazamaji watashika vichwa!"

"Hivi wewe una akili timamu?" Mhariri alizitupa hedifoni mezani. "Mume wa hadithi hii hajawahi kumgusa mkewe. Anamnunia tu, miaka nenda miaka rudi, mpaka mwanamke wa watu anafungasha virago. Hadithi nzima ndiyo hiyo! Ukishatia kofi, kila mtu atasema kaondoka kwa kipigo, na yale yote aliyoyameza kimya kimya yamekwenda na maji. Umempiga mdogo wangu na hadithi umeiua. Kwa faida ya nani?"

"Usipandishe mori, dada. Sinema bila kishindo nani ataitazama?"

"Kishindo! Kajizabe mwenyewe basi, tukushangilie!" Akashika kipanya. "Naifuta."

"Muulize kwanza mwenye shavu lake."

Akampigia mdogo wake simu, akaweka spika. "Kwa nini hukuniambia?"

Sauti ndogo ikajibu, "Dada, tafadhali usiifute. Wote wanasema hapo ndipo nilipoigiza vizuri kuliko kote. Ukiitoa, si nitakuwa nimepigwa bure?"

Dairekta akainua mabega, eti amesikia mwenyewe. Mhariri alitamani kumrushia kiti. Mtoto wa watu kazabwa kofi, halafu kafundishwa kulionea fahari!

"Ulipigwa bure, mdogo wangu," akasema. "Bure kabisa."

Akaifuta, huku mdogo wake akimlilia simuni asiifute.