Diski Nne za Kina Kiema

Jumapili mchana, baada ya kanisa, Mutindi Kiema aliondoa sufuria na chupa ya chai mezani, akapangusa maji yaliyobaki, akapanga diski nne kwa mstari. Ya kwanza ilikuwa yake, imetoka kwenye saiba yake pale Kitengela, alipokuwa akiwachapia watu barua na kuwajazia fomu za serikali kwa miaka kumi na saba. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake Gideon, mhandisi wa barabara aliyeishi Rongai. Ya tatu ilikuwa ya mama yao, Ndanu, wa Kisaju, ambaye picha za kwaya na za wajukuu zilikuwa zimejaa kwenye simu hadi simu ikakataa kufunguka, zikahamishiwa humo. Ya nne ilitolewa kwenye kompyuta ya marehemu baba yao, mzee Kiema, aliyefariki miaka sita iliyopita bila kujifunza kuizima vizuri.

Mutindi aliishia darasa la nane. Yote aliyoyajua kuhusu kompyuta aliyapata kwa kufungua zilizokufa na kutazama ndani. Sasa alitaka familia iwe na seva yake hapo nyumbani, ili mtu akipoteza simu asipoteze pia harusi na mazishi ya ukoo mzima. Alichora mstatili kwenye daftari la hesabu, akakata kipande kidogo pembeni kwa ajili ya mfumo wa mashine, kisha akaigawa sehemu iliyobaki vyumba vinne na kuandika jina kwenye kila chumba. Mchoro haukumpendeza. Akampigia Lesiamon, muuzaji wa kompyuta za mitumba kwenye barabara ya Namanga, ndiye aliyemuuzia mashine ya kuzitilia diski hizo.

"Mama Yvonne, ukigawa hivyo, chumba cha mama yako kitajaa kabla ya Disemba na cha mzee kitakaa bure," Lesiamon akasema. "Unganisha zote ziwe ghala moja. Halafu acha nafasi ya diski moja iwe ya akiba. Moja ikikufa, hizo tatu zitaikumbuka."

"Zitaikumbuka yote?"

"Yote. Kila moja inabeba kidogo ya wenzake."

Mutindi alifuta kuta za vile vyumba kwa kifutio, akapuliza vumbi. Alinakili vilivyokuwemo, akazisafisha diski zote, akaziunganisha, akavirudisha humo vyote pamoja. Jumatatu jioni kazi ilikuwa imekwisha. Mashine ilikaa juu ya kabati la vyombo ikinguruma taratibu.

Jumatano mama yake alipiga simu.

"Mutindi, kuna harufu ya wino kwa mikono yangu tangu asubuhi. Ni yako?"

"Ni ya mashine ya fotokopi, Mama. Ukioga itaisha."

"Sawa. Na hiyo siri ya simu yako, ile namba, usinionyeshe tena. Mimi sitaki kujua vitu za watu."

Siku hiyohiyo Gideon, akiwa kwenye mkutano wa kazi huko Isinya, alikumbuka kuzaliwa kwa Yvonne, binti wa Mutindi, saa kumi na nne za uchungu, kuanzia mwanzo. Aliomba ruhusa, akakaa kwenye kivuli cha lori mpaka mtoto akatoka. Kisha akamwandikia dada yake ujumbe: *Pole. Sikujua.*

Mutindi naye alikuwa akichagua maharagwe alipokumbuka siku ya kwanza ya Gideon katika shule ya upili. Alikumbuka harufu ya rangi kwenye sanduku jipya la chuma, foleni ndefu chini ya jua, na kijana mkubwa aliyemwamuru aimbe. Mutindi hakuwahi kusimama kwenye foleni kama ile. Aliyaacha maharagwe, akaikumbuka siku nzima mara tatu. Kufikia Ijumaa alikuwa amekumbuka miaka yote minne, pamoja na fizikia, somo lililompiga Gideon chenga tangu kidato cha pili. Mutindi aliliona rahisi.

Hakuna aliyelizungumza sana jambo hilo la kukumbuka ya wenzake. Gideon aliuliza tu kama kuna nywila. Mama aliomba mawazo anayokuwa nayo wakati wa mahubiri yasiwekwe.

Jumamosi asubuhi diski ya baba ilianza kugonga ndani, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango akiwa na haya. Kabla chai haijachemka ilinyamaza. Mutindi hakushtuka. Alikwenda kwa Lesiamon, akarudi na diski mpya ya ukubwa uleule, akaiweka mahali pa ile iliyokufa na kuiagiza mashine ijaze. Mashine ikamwambia asubiri saa kumi na tisa, kwa kuwa ilibidi imwandike mzee upya kutokana na wale watatu waliobaki.

Jumapili asubuhi kazi ilikamilika. Mutindi alikuwa akipaka mkate siagi.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na sita. Alikuwa baba yake, mlinzi wa shule ya msingi, ametoka lindoni, na buti za mpira zilikuwa zimemchuna visigino. Mwalimu mkuu, Mwololo, alimwita ofisini. Juu ya meza palikuwa na barua ya kuitwa shule ya upili ya wasichana, yenye jina Mutindi Kiema, alama mia tano sitini na moja kati ya mia saba. Kando yake palikuwa na karatasi ya Keziah, binti wa mwalimu mkuu, alama mia mbili themanini na saba.

"Kiema, keti," mwalimu mkuu alisema.

Kiti kilikuwa na mto. Kwa miaka tisa aliyofanya kazi pale alikuwa akisimama karibu na mlango. Aliketi, miguu ikapoa, na raha ikampanda kutoka kwenye visigino hadi shingoni.

"Wako ataolewa tu. Wangu akienda kwa jina la wako, mimi nitamsomesha Gideon mpaka mwisho, na wewe nitakutoa getini nikuweke stoo. Jina ni jina tu, Kiema. Ama?"

Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kukaa pale dakika nyingine tano. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Mkate ulikuwa umepasuka. Mutindi aliendelea kupaka siagi kwenye kiganja chake. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwenye friji, mdomo wazi, mpaka ulimi ukakauka. Hakuwa amemaliza kukumbuka. Jioni ya siku ileile, baba alifika nyumbani na kumwambia binti yake kwamba amepata mia mbili themanini na saba. Alimwona msichana wa miaka kumi na minne akipiga magoti mbele yake na kumwomba msamaha kwa kumwaibisha. Alimwona kutoka juu, utosi wake, njia ya nywele iliyopinda. Baba alimsamehe. Alikuwa akifikiria kwamba mtoto anahitaji ndala mpya.

Lililomshtua Mutindi zaidi ni kwamba alipojaribu kumchukia mtu aliyeketi kwenye kile kiti, ile raha ilimpanda yeye mwenyewe, kutoka kwenye visigino hadi shingoni.

Simu iliita. Alikuwa Gideon.

"Umeona?" Mutindi akauliza.

"Nimeona. Niko kwa barabara, nimesimamisha gari." Alikuwa akilia kama mtoto, anavuta kamasi. "Mimi nilikuwa darasa la tano, Mutindi. Naapa. Nilidhani ni bidii ya Baba."

"Najua ulichodhani. Niko nacho hapa."

"Itoe hiyo diski. Itoe sasa hivi."

"Hata nikiitoa, hizo tatu zinakumbuka."

Gideon alikata simu bila kuaga. Mutindi akampigia mama yake Kisaju. Simu iliita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikapokelewa.

"Mama."

"Mimi sikuwa kwa hiyo ofisi," Ndanu akasema upesi. "Hukuniona hapo."

"Sikukuona, Mama."

Upande wa pili kuku walisikika, halafu mlango ukafungwa. Mama yake alizungumza kwa sauti ya chini.

"Siku wasichana walienda shule, nilikuwa steji ya matatu nikiuza ndizi. Nikaona sanduku ya msichana wa mwalimu. Imeandikwa kwa rangi nyeupe, Mutindi Kiema. Nikasema, aih, huyu ni Mutindi mwingine. Kina Mutindi ni wengi."

"Ukasema hivyo?"

"Nikasema hivyo kwa roho. Nikauza ndizi."

Mutindi alilitafuta lile sanduku katika kumbukumbu za mama yake, akalipata. Lilikuwa pale siku zote tangu Jumatatu, kati ya ndizi na vumbi la Kisaju, ila hapo awali hakuwa na sababu ya kulitazama. Rangi ilikuwa imechuruzika kidogo chini ya herufi ya mwisho. Mama yake alikuwa amelitazama kwa muda mrefu kuliko alivyosema.

"Utakuja Jumapili ijayo?" Ndanu akauliza.

"Nitakuja."

"Leta sukari."

Siku tatu Mutindi alifanya kazi kama kawaida, ila wateja walilazimika kumwambia jambo mara mbili. Siku ya nne aliandika jina lake mwenyewe kwenye mtandao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lilitokea mara moja: Mutindi Kiema, Wakili na Kamishna wa Viapo, mjini Kajiado. Kwenye picha mwanamke huyo alikuwa na mwanya uleule aliokuwa nao akiwa mtoto, alipokuwa akiketi dawati la mbele na kumwomba Mutindi majibu ya hesabu.

Mutindi alichapa hati ya kiapo. Alikuwa amewachapia watu hati kama hizo kwa mamia, waliopoteza vitambulisho, waliobadilisha majina, waliozaliwa tarehe mbili tofauti. Hii ilikuwa na mistari minne. Kwamba yeye ni Mutindi Kiema. Kwamba alisomea Kisaju. Kwamba alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano na kupata alama mia tano sitini na moja. Kwamba hakuwahi kuingia shule ya upili.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Msichana wa mapokezi, Valerie, alimwambia aingie. Wakili hakuinua macho.

"Karibu, keti."

Kiti kilikuwa na mto. Mutindi alibaki amesimama.

Wakili aliisoma hati mara moja haraka, akaanza upya polepole. Alivua miwani. Uso wake ulikuwa umekauka kama umepakwa majivu.

"Uko na kitambulisho?"

Mutindi alikiweka mezani. Wakili alikitazama mbele na nyuma, akakisogeza kwa kidole mpaka ukingoni, mbali na mkono wake.

"Baba aliniambia ulikufa," akasema. "Homa ya matumbo, ile likizo ya Disemba. Alisema jina litapotea bure. Likizo zote nilikaa kwa shangazi, mbali."

"Sikukufa."

"Kila mwaka siku yako ya kuzaliwa naenda kanisa nakuombea upumzike. Ni siku yangu pia, kwa karatasi. Watoto wangu wananiletea keki, na mimi nakuombea." Alikunja miwani. "Nimekulilia miaka ishirini na tisa."

Mutindi alikirudisha kitambulisho mkobani. Alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine yake, mengine ya Gideon, na hapo lilibaki moja tu. Dirishani ng'ombe walikuwa wakishushwa kwenye lori, mmoja baada ya mwingine.

"Keziah," hatimaye akasema.

Wakili alitazama mlangoni kuona kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

"Unataka nini?"

"Nataka uniapishe."

Wakili alifikiri. Sheria ilikuwa wazi, na hati ilikuwa imechapwa vizuri kuliko nyingi alizoletewa. Alitoa Biblia kwenye droo. Mutindi aliishika kwa mkono wa kulia, akaapa kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Akatia sahihi, Mutindi Kiema. Chini yake, palipoandikwa *mbele yangu*, wakili akatia sahihi, Mutindi Kiema, akaupumulia muhuri kuulainisha na kuukandamiza kwa mikono yote miwili. Sahihi ya wakili ilikuwa nzuri zaidi, ya mtu aliyeandika sana.

"Umemaliza?" wakili akauliza. Alikuwa amevaa miwani tena. "Kuna watu wananingoja."

"Nimemaliza."

Kwenye mapokezi watu watano walikuwa wameketi na karatasi zao magotini. Valerie alifungua daftari la wateja, akaandika tarehe na aina ya hati.

"Jina?"

"Mutindi Kiema."

Valerie alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamiwa mtu asiyesikia vizuri.

"Hapana, mama. Hilo ni la wakili. Lako."

Mutindi aliikunja hati, akaitia mkobani. Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa na kutazama saa. Valerie alingoja kidogo, kalamu hewani, halafu akaandika *mteja*, akaligeuza daftari ili mama atie sahihi.