Isale la Kaka

Watu wa mji ule mdogo chini ya Meru wanajua vizuri maji yao yanatoka wapi. Yanakwenda wapi baada ya choo na karai, hilo wamemwachia Kandida. Yeye ndiye msimamizi wa mabwawa. Majitaka huingia bwawa la kwanza yakiwa meusi, wadudu wasioonekana kwa macho wanakula uchafu, kisha maji hayo hutulia katika bwawa la pili. Yakitoka bwawa la mwisho kwenda mtoni, hayamdhuru mtu wala mnyama.

Asubuhi hiyo gari la kunyonya majitaka kutoka Ngarenaro lilisimama langoni. Dereva alikuwa Romanus, kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Fungua basi, nina haraka."

"Kinga ndoo kwanza."

Ndiyo taratibu, kila gari humwaga kidogo kwenye ndoo kabla ya kuruhusiwa. Romanus akafungua koki kwa kisirani. Yakatoka maji ya bluu yanayochoma pua. Dawa za kiwanda cha ngozi! Zikiingia bwawani wadudu wote wanakufa, na uchafu wa mji mzima unapita hivyo hivyo hadi mtoni.

Basi amrudishe? Alishamrudisha wiki iliyopita, na jioni yake mto ukageuka bluu pale darajani. Ndama wa mzee Lemburis, mfugaji wa kando ya mto, wakanywa, wakafa. Mzee alipokuja kuuliza, Kandida alijiumauma tu, maana ushahidi hakuwa nao, ingawa moyo ulijua. Akimwingiza, bwawa linakufa. Akimrudisha, mto unakufa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyemfikisha huko ni ndugu wa tumbo moja, huyu huyu aliyeacha shule baba yao alipofariki, akafanya vibarua ili yeye Kandida asome.

Alifungua lango. Romanus akatabasamu, akaingiza gari lote ndani. Kandida akalirudisha lango nyuma yake, akabana kufuli, na ufunguo akautia kifuani.

Romanus alishuka mbio. "Unafanya nini wewe?"

"Gari halimwagi hapa, na halitoki. Namwita afisa mazingira."

"Nitafungwa, Kandida! Bosi kasema yamwagwe popote, mimi nifanyeje? Nina watoto."

"Hata Lemburis ana watoto. Wanakunywa mto huo huo."

Romanus alimsogelea mpaka pumzi yake ikamgonga usoni. Kandida aliogopa, tusidanganyane. Mkono wa kaka yake ulikuwa umeshainuka. Kisha ukashuka. Romanus akageuka, akaenda kwenye uzio ambako jirani, Mchaga mwenzao, alikuwa amepanda masale ya mpaka. Akachuma jani moja, akalipiga fundo, akarudi kupiga magoti kwenye matope na kumnyooshea.

Kila Mchaga anajua maana yake. Anayekujia na isale anaomba msamaha, na hakataliwi. Anayemkataa hujitafutia laana, yeye na uzao wake. Kandida akayatazama machozi ya mtu aliyembeba mgongoni utotoni, akasema moyoni, kaka kaniweza.

"Ni wewe uliyemwaga pale darajani?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Akalipokea isale kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, kaka. Kwa moyo wangu wote." Akamwinua, wakakumbatiana, wakalia kama watoto waliofiwa.

Romanus akajifuta uso, akanyoosha kiganja apewe ufunguo.

Kandida akatoa simu. "Langu nimesamehe," alisema. "La mto na la Lemburis si langu."

Simu ikapokelewa. Afisa akauliza gari ni la wapi, na dereva anaitwa nani. Kandida alimtazama kaka yake, isale likiwa bado mkononi.

"Anaitwa Romanus," alisema. "Ni kaka yangu. Njooni upesi."