Swali la Kwanza

Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya mhadhiri msaidizi, na Mideva na Sydney waliiomba wote wawili. Hata hivyo walisaidiana. Wiki nzima Sydney alimsikiliza Mideva akijizoeza kueleza utafiti wake wa maji ya visima thelathini vya Malava. Walikubaliana pia kwamba siku ya semina Sydney ndiye angeuliza swali la kwanza, jepesi, la kumtoa mwenzake woga: wenyeji walikupokeaje?

Ni Sydney pekee aliyejua kwamba visima vitatu vilipimwa mara moja badala ya mbili, kwa sababu mvua ilikata njia.

"Niseme?" Mideva alimwuliza.

"Wewe nyamaza tu, siste. Nani anaulizanga hiyo?"

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Mideva alimaliza vizuri, makofi yakapigwa. Mwenyekiti alipoomba maswali, mkono wa Sydney ndio uliotangulia kuinuka, naye Mideva akatabasamu, jibu likiwa tayari mdomoni.

"Ningependa kujua," Sydney alisema, "kama kila kisima kilipimwa mara mbili, hasa vile vitatu vya ng'ambo ya mto."

Tabasamu likamfia Mideva usoni. Maprofesa wa mstari wa mbele wakashika kalamu.

"Hapana," alisema. "Vile vitatu nilivipima mara moja. Ningepaswa kusema mapema."

Sydney alimshukuru kwa adabu, akaketi, akafungua daftari na kuliandika jibu hilo polepole, kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.