Chuo Kikuu cha Chumbani Kwangu

Mimi nimesoma uchumi wa mazingira, shahada ya uzamili, kwa masafa, kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho. Wanawake wa rika langu wenye kisomo kama hicho nawatafuta kwa tochi mchana kweupe siwaoni. Cheti sina, na sababu ni ndogo tu: aliyejiandikisha ni mkwe wangu, mimi nilikuwa nimejilaza kitandani pembeni ya meza yake, na kila mwalimu alipofika penye hesabu nilikuwa nimeshaanza kukoroma.

Chanzo cha yote ni dirisha langu. Katika nyumba yetu mtandao unakamata vizuri mahali pamoja tu, chumbani kwangu, kwenye dirisha linalotazama mnara wa simu. Ukikaa sebuleni, mwalimu anaganda mdomo wazi kama samaki. Chumbani kwao wenyewe sauti inakuja na kupotea, utadhani mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Basi jioni moja mkwe wangu akaja, mikono ameikunja mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini kama meza yake ingeweza kukaa pale dirishani. Nikamwambia ngoja nifikirie. Nilifikiria kwa muda wa kumeza mate, maana chumba cha mjane kina ukimya mwingi, nikasema lete.

Huyu ni mke wa mwanangu wa pekee. Kazi yake ni kupima maji katika maabara ya shirika la maji. Mchana anachungulia vichupa, jioni anageuka mwanafunzi. Chuo chenyewe kiko ng'ambo ya bahari na hajawahi kukikanyaga. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kuigiza. Chuo gani kisicho na geti wala kengele? Lakini siku ya kwanza ile skrini ilipojigawa vijisanduku, kila kijisanduku na kichwa chake, nilishika shavu. Mmoja nyuma yake theluji ilikuwa inaanguka. Mwingine jua linamwandama mpaka anajipepea na daftari. Huyu anakunywa chai ya asubuhi, yule anapiga miayo ya usingizi, na wote wanamsikiliza mama mmoja mwenye nywele nyeupe pepepe, ambaye palepale nikambandika jina la Profesa Pamba. Dunia nzima, mchana wake na usiku wake, imeingia chumbani kwangu bila kuvua viatu. Niliketi wima nikafunga kilemba upya. Huwezi kujua nani anakutazama.

Lugha yao siijui. Ila mkwe wangu alikuwa na desturi moja: kila kipindi kikiisha, aligeuza kiti akanieleza somo lote kwa Kiswahili. Alisema jambo ukishindwa kumweleza mama mkwe, bado hujalielewa. Nikawa ndiyo mtihani wake, na nilisahihisha kwa ukali. Nikikunja uso, anarudia. Nikisinzia, anarudia kwa mifano.

Hapo ndipo niliposikia makubwa. Kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta thamani ya vitu ambavyo hakuna anayeviuza. Kivuli. Nyuki anayetoka ua hili kwenda ua lile. Upepo usio na moshi.

"Sokoni hakuna fungu la hewa, mama," aliniambia. "Kwa hiyo wakubwa wakikaa kupanga mji, hewa wanaiandika sifuri. Sisi tunataka waache kuiandika sifuri."

Nililala na maneno hayo. Nimevuta pumzi tangu nizaliwe, nimevuta mpaka za kupigia umbeya, na sikuwahi hata kujiuliza zinatoka kwa nani.

Ulipofika wakati wa kuandika tasnifu, akachagua kinamasi cha bondeni, nyuma ya mtaa wetu. Matete, matope na mbu, basi. Watu hukitupia vifusi, na kila anayegombea uongozi huahidi kukifukia. Mkwe wangu akaniambia eti kile kinamasi kinasafisha maji machafu ya mji mzima kabla hayajaingia mtoni. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia kinamasi kile hakijawahi kumwogesha hata chura wake. Yeye akatabasamu tu, akanyamaza. Jihadhari na mkwe mwenye adabu. Hanyamazi bure, anakuweka akiba.

Mwanangu, ambaye ni fundi bomba, akaniunga mkono. Kwake maji safi ni yale yaliyopita kwenye bomba alilolifunga yeye. Tena akanipiga marufuku kuteremka bondeni, kwa sababu ya utelezi na kwa sababu ya magoti yangu. Kuhusu magoti yangu inabidi nieleze kidogo. Yanauma kweli. Yanauma zaidi penye vyombo vya kuoshwa, na penye kikao cha ukoo huwa hayakunjiki kabisa. Lakini yakisikia jambo la kupendeza hupata nafuu ya haraka, daktari mwenyewe hajui kwa nini.

Siku moja walipokwenda kazini wote wawili, uvumilivu ulinishinda. Nikachukua buti za akiba za mwanangu, zile za mpira, ya kushoto ina kiraka chekundu alichokibandika mwenyewe, nikateremka.

Kule juu, unakoingia mfereji wa mji, maji yalikuwa meusi kama ya kusuuzia masufuria, yana mapovu, yana harufu ya kukugeuza uso. Nikasema, haya, mkwe wangu, nionyeshe sabuni iko wapi. Nikafuata njia ya pembeni, nimeshika matete huku na huku, mguu unazama unatoka, mpaka upande wa chini. Pale, katikati ya mizizi, maji yalikuwa yanatoka. Membamba, yametulia, hayana haraka. Nikatia mkono. Niliviona vidole vyangu vyote, na pete yangu ya ndoa, na mstari wa kovu nililolipata nikiwa mtoto.

Nikageuka kutazama nilikotoka. Hapakuwa na mtambo. Hapakuwa na mtu wa zamu wala bomba la mwanangu. Yalikuwepo matete tu, yanasuguana polepole kama wanawake wanaonong'ona nyuma ya mkutano. Nilisimama mdomo wazi mpaka kereng'ende akawa anatafuta pa kuingilia. Tangu naolewa naishi juu ya mteremko ule. Nimemwaga maji ya fua, ya deki, ya kuogeshea mtoto, yote yakaenda huko chini, na miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mzima anatufulia na hakuna aliyewahi hata kumjulia hali.

Nikasema, "Shikamoo."

Matete yakainama. Najua ni upepo, msinifundishe. Najua pia kwamba niliitikiwa.

Tangu siku hiyo nikawa mtoro. Wakitoka tu, natia buti, nateremka. Nilimwona kulastara, ndege wa miguu mirefu, akisimama kwa mguu mmoja kama mdai mwenye subira. Niliona mvua ikinyesha mjini, maji yakija kwa fujo, na kinamasi kikiyapokea yote kimyakimya kama bibi anayepokea wajukuu wanaopigana. Buti zilirudi na matope. Mwanangu akalalamika kwamba kuna mtu anazitumia, akawashuku vibarua wake. Nikamwambia kweli, watu wa siku hizi hawana adabu.

Kisha yakaja maswali. Mkwe wangu alitakiwa kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu kinamasi kina maana gani kwao, na akataka kuyajaribu kwangu kwanza. Nikawa mhojiwa wa kwanza. Akauliza kama huwa nafika kinamasini. Nikamwambia, na magoti haya? Akauliza, kama ingehitajika, ningejitolea siku ngapi za kazi kwa mwaka kukitunza. Nikasema hata nusu siku. Ningejibu vipi? Nilikuwa nimeshacheka, na mtu mzima halambi mate yake mbele ya mkwe. Halafu mwanangu yuko sebuleni, masikio wazi. Mkwe wangu akaandika kila neno, akanishukuru, uso wake mkavu kama karatasi.

Tasnifu ikaenda, ikarudi. Profesa Pamba hakuwa amemtukana. Alikuwa amemuuliza swali moja tu: umejuaje kwamba watu wamekwambia kweli? Akapewa nafasi moja ya kurekebisha na kuja kujitetea. Akishindwa hiyo, hakuna nyingine, na kazi yote ya jioni zile inakuwa bure. Aliweka paji la uso juu ya meza. Mimi nilikuwa nimeelekea ukutani. Ninalo jibu kwa kila jambo duniani, lakini siku ile mdomo wangu ulikwenda likizo.

Baada ya hapo akaja na visanduku vya kijani, kila kimoja na jicho lake, akawa anachaji betri zake mezani kwangu. Nilijua ni vya kazi. Vinakwenda kufungwa wapi, sikuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nikaona ujinga ni wa wengine.

Siku ya utetezi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kulipopambazuka, wao wakihangaika na mavazi, mimi nilichomoka mara moja kwenda kule kinamasini kumwombea, maana nilijua mahali pa kumsemea. Nikarudi mbio, buti nikazisukuma chini ya kitanda zikiwa zinachuruzika, nikavaa kilemba cha heshima. Nikaamriwa nikae kitandani kimya. Mwanangu akasimama mlangoni, amefunga mpaka bomba la uani ili lisilie.

Maneno yaliyosemwa mkwe wangu alinifasiria baadaye. Wakati ule niliyasoma mabegani mwake. Mtoto huyu, ambaye nyumbani ukimwita anaitika kama anaomba samahani, aliketi wima akaanza kusema, na sauti ikatoka nisiyoijua, imenyooka, haina pupa. Vile vichwa vya vijisandukuni vikaacha kutikisika. Chini ya meza mkono wake wa kushoto ulikuwa unasokota pindo la nguo, na mimi peke yangu ndiye niliyeuona. Nilitaka kuushika. Nikaogopa, kama unavyoogopa kumgusa mtu aliye kwenye sala.

Profesa Pamba akarudia swali lake.

Mkwe wangu akasema, "Mara ya kwanza nilisikiliza midomo. Safari hii nimesikiliza na miguu."

Akabonyeza, zikaja picha. Visanduku vya kijani vilikuwa vimefungwa ndani ya matete kwenye njia za kinamasi, vinampiga picha kila anayepita. Nyuso zote alizifunika ukungu, ndiyo sheria yao ya kutunza siri za watu. Walikuwepo wakata matete, wanafunzi wanaokatiza, wazee wawili wanaokwenda kukaa tu. Wengi wao kwenye maswali walisema mahali pale hapana faida yoyote. Akaeleza kwamba watu huficha wanachokipenda wakidhani watachekwa, na kwamba ukiwahesabu kwa midomo tu, utaandika sifuri mahali palipojaa nyayo. Kisha akaleta picha ya mwisho. Huyu, akasema, ni mhojiwa wa kwanza. Alisema hajawahi kufika kinamasini. Kamera zimemwona kuliko mtu mwingine yeyote.

Alikuwa mwanamke, uso ukungu mtupu, amekunja nguo mpaka magotini, ameinama kabisa, mkono ndani ya maji. Miguuni ana buti za mpira.

Profesa Pamba alivua miwani. Aliitazama picha ile muda mrefu. Wakajadiliana, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi za mkwe wangu badala ya zangu. Kisha yule mama akasema maneno machache, na mkwe wangu akajifunika uso kwa viganja, mabega yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Sikuhitaji kufasiriwa. Alikuwa amefaulu. Nilitazama dirishani kwangu, mnara uleule, anga ileile, nikastaajabu kwamba jambo kubwa namna hiyo linaweza kupita kwenye kioo bila hata kukitikisa.

Profesa akaongeza neno, huku akicheka. Mkwe wangu akafuta macho, akageuza kile kiti chake na kompyuta pamoja nacho, vyote vikanielekea mimi.

"Mama, profesa anauliza kama kuna anayemfahamu huyu bibi wa kwenye picha, amfikishie shukrani zake."

"Mimi simfahamu," nikasema. "Ila anaonekana mtu wa heshima."

Mwanangu alikuwa ameshaingia, shingo ameinyoosha kwenye skrini. "Hizo si buti zangu?"

"Buti za mpira zimejaa mjini, mwanangu."

"Zenye kiraka chekundu mguu wa kushoto?"

"Na viraka vimejaa. Mimi na magoti haya nitafika wapi? Hata kuinama siwezi, wewe mwenyewe unajua."

Chini ya kitanda kitu kilisema kwaa. Shuka likatikisika, akatoka chura, kijani, mnene, amelowa, akatua katikati ya chumba, akajipanga kurukia waya wa kompyuta. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshuka kitandani kwa mruko mmoja, nimechuchumaa mpaka chini kama msichana anayecheza rede, chura yuko mikononi mwangu.

Nilipoinua kichwa, mwanangu alikuwa amefunua shuka, buti mbili zinamtazama. Na kule kwenye skrini dunia nzima, mchana wake na usiku wake, ilikuwa inayatazama magoti yangu.